Neno Nililolifuta

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha,

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 36, na katika miaka hiyo nimefuta maneno mengi ubaoni. Neno ninalotaka kulieleza leo sikulifuta ubaoni. Nililifuta kwa ufutio wa penseli, katika karatasi iliyoandikwa na mjukuu wangu, kwenye meza ya jikoni kwa binti yangu, katika kitongoji kimoja cha jiji la Minneapolis, Marekani, theluji ikianguka nje. Mtoto alikuwa ameliandika vizuri. Halikuwa na kosa la tahajia wala la sarufi. Nililifuta hata hivyo, na aliponiuliza sababu sikuwa na jibu la kumpa.

Nilikuwa nimekwenda huko kumsaidia binti yangu, ambaye ni muuguzi, baada ya kujifungua mtoto wake wa pili. Wa kwanza ana miaka 13. Amezaliwa huko na kukulia huko. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha chakula: shikamoo, asante, ugali, basi. Mama yake aliniomba jambo moja tu: “Mama, ongea naye Kiswahili, ajue.” Nikaanza kwa njia niliyoizoea tangu Chuo cha Ualimu Butimba, yaani ngeli, umoja na wingi, tunga sentensi tano. Siku ya tatu mtoto aliniambia, kwa Kiingereza na kwa adabu kubwa, kwamba anaomba tufanye mapatano: nusu saa ya Kiswahili changu kwa nusu saa ya mchezo wake. Nikakubali, nikidhani ni mchezo wa kompyuta na kwamba kazi yangu itakuwa kuketi na kutazama. Akaingia chumbani kwake, akarudi na kitabu.

Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kilichonunuliwa katika duka la vitabu vikuukuu, pembe zake zimechakaa. Jina lake ni Dungeons & Dragons Rules Cyclopedia. Kilichapishwa mwaka 1991 na kampuni ya TSR, na aliyekikusanya ni Aaron Allston. Kina kurasa 304 zilizojaa maandishi madogo, na majedwali juu ya majedwali. Nimepitia mihtasari mingi iliyokuja na kuondoka, lakini sikuwahi kuona kanuni nyingi kiasi hicho zilizotungwa kwa ajili ya jambo ambalo watu hulifanya kwa hiari yao.

Mchezo wenyewe una umri mkubwa kuliko kitabu. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1974 na watu wawili: Gary Gygax, wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, na Dave Arneson, ambaye alikuwa mtu wa huko huko Minnesota nilikokuwa nimekwenda kulea. Arneson alikuwa akicheza michezo ya vita na wenzake, na siku moja akaacha kuwapeleka katika viwanja vya mapigano, akawapeleka katika mahandaki yaliyo chini ya ngome ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Katika miaka ya 1980 Frank Mentzer akaupanga mchezo huo upya katika masanduku, kila sanduku na hatua yake, tangu anayeanza hadi aliyebobea. Allston alichukua masanduku manne ya kwanza akayatia katika jalada moja. Ndiyo maana kitabu kile ni kizito: ni shule nzima, tangu darasa la kwanza hadi la mwisho. Mhusika anaanza daraja la kwanza, hana kitu, na akijaliwa kuishi anaweza kupanda hadi daraja la 36.

Namna ya kucheza ni nyepesi kuliko kitabu kinavyoonekana. Mtu mmoja anasimulia: mko mlangoni pa pango, ndani kuna giza, mnasikia maji yakidondoka. Wengine wanaozunguka meza, kila mmoja akiwa na mhusika wake, wanasema wanafanya nini. Pale ambapo hakuna ajuaye matokeo, dadu inarushwa. Ziko dadu za pande sita tunazozijua, na ziko nyingine ambazo sikuwahi kuziona: za pande 4, 8, 10, 12 na 20. Nilipoelewa utaratibu huo nilicheka. Hii ni ngano ya jioni, ile ile ya paukwa pakawa, isipokuwa msikilizaji ameruhusiwa kuingia ndani ya hadithi na kumkatalia msimulizi.

Tukakubaliana kwamba mjukuu wangu atakuwa msimulizi na mimi nitakuwa mchezaji, na kwamba karatasi ya mhusika wangu itaandikwa kwa Kiswahili chote. Hapo ndipo nusu saa yangu na nusu saa yake zilipochanganyika, na hatukuzitenganisha tena.

Sifa za mhusika ni sita. Tuliziita nguvu, akili, hekima, wepesi, siha na haiba. Hazikutusumbua. Akili na hekima zimetenganishwa katika kitabu kama wazee wetu walivyozitenganisha, na mtu anaweza kupewa nyingi ya moja na kidogo ya nyingine. Nimewahi kufanya kazi chini ya wakuu wa namna hiyo. Kwa kila sifa unarusha dadu tatu za pande sita, kwa hiyo hupati chini ya 3 wala zaidi ya 18.

Jedwali lililonikamata ni la akili, kwa sababu linahesabu lugha. Mwenye akili 3 hata kuzungumza kunampa shida. Mwenye 4 au 5 hawezi kusoma wala kuandika ile inayoitwa lugha ya wote. Mwenye 6 hadi 8 huandika maneno mepesi tu. Mwenye 9 hadi 12 husoma na kuandika lugha zake za asili, ambazo kwa kawaida ni mbili. Kuanzia 13 anaongezewa lugha moja, kuanzia 16 mbili, na mwenye 18 anaongezewa tatu. Mimi nilipata 14. Mjukuu wangu akatazama jedwali akasema nina lugha tatu, akazitaja: Kisukuma, Kiswahili, Kiingereza. Kisha, kwa kutaka kujua tu, akarusha dadu kwa ajili yake mwenyewe, akapata 10. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Alikunja kimoja, Kiingereza. Kidole cha pili kikabaki juu.

“Cha pili ndicho hiki tunachojifunza,” nikamwambia. Akakikunja.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha ambayo wengi wenu mnaijua, raha ya kutafutia kitu kigeni jina la nyumbani. Mwizi ni mwizi, kasisi ni kasisi, joka ni joka, hapo hatukukawia. Msimulizi alitupa kazi zaidi. Jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, lingetoa kitu kama bwana wa gereza la chini ya ardhi, na mtoto mwenyewe alikataa kuitwa hivyo mbele ya mama yake. Nikamweleza kuhusu manju. Nikamwambia kwamba kwetu Usukumani, katika ngoma za Bagika na Bagalu, kila upande una manju wake, ambaye hutunga, huongoza, hujibu mapigo ya upande wa pili, na kuhakikisha kwamba umati hauondoki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili: “Mimi manju.” Tangu siku hiyo hakutaka jina jingine.

Kwa yale matendo ya ajabu anayoyafanya mhusika, kama vile kuwasha mwanga pasipo taa au kumlaza adui usingizi, nilipendekeza neno letu la kale, mizungu. Lina maana ya mambo ya kustaajabisha na ya hila, na pia mafunzo ya siri ya jandoni na unyagoni. Halikuwa na kasoro ila moja: umoja wake. Kitabu kinasema mhusika wa daraja la kwanza hujifunza mmoja tu kila asubuhi. Mjukuu wangu alisoma sentensi ya Kiswahili niliyomwandikia, kwamba kila asubuhi mhusika anajifunza mzungu mmoja, akatazama dirishani kwa jirani aliyekuwa akiondoa theluji mlangoni pake, akacheka hadi mtoto mchanga akaamka. Tukakubaliana kwamba neno hilo litumike katika wingi tu.

Nimeyasimulia haya ili mjue kwamba tulikuwa na furaha siku neno lile lilipokuja.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nachambua maharage, naye yuko mezani akimalizia karatasi yangu. Alitaka kunishangaza, kwa hiyo nafasi ya mwisho iliyobaki hakuniuliza. Alitafuta neno katika simu yake, akalinakili kwa herufi kubwa, akanisogezea karatasi. Juu kabisa ilisomeka hivi:

JINA: BIBI.
KAZI: MCHAWI.

Nikachukua ufutio nikalifuta. Sikusema kitu kwanza. Nililifuta hadi karatasi ikaanza kuchubuka.

“Nimekosea?” akauliza kwa Kiingereza.

“Hukukosea.”

“Sasa kwa nini?”

“Ni neno baya,” nikasema, nikarudi kwenye maharage. Akafungua kitabu, akanionyesha kwamba mhusika huyo si mtu mbaya. Alikuwa na haki. Kiingereza cha kitabu kinamwita magic-user, yaani mtu atumiaye sihiri, na si zaidi ya hapo. Waandishi wake walichagua neno kavu, lisilo jema wala ovu, kama tungesema mtumia barabara. Wema na uovu wa mhusika huandikwa mahali pengine katika karatasi.

Usiku ule nilipitia hazina yetu yote. Mchawi na mlozi hawana upande wa pili. Mlozi ametoka katika kuloga, na anayeloga anamloga mtu. Mganga ametoka katika kuganga, ambako ni kutibu na kuunga kilichovunjika. Ndiyo maana tunaambiwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini mhusika wetu hatibu mtu. Katika kitabu kile anayeponya ni kasisi. Mpiga ramli hutazama tu yaliyofichika. Sihiri imetujia kutoka Kiarabu na imekuja na hukumu yake. Sisi tuna maneno ya kumsifu atumiaye nguvu hizo na maneno ya kumlaani, na sikuona la kumtaja tu. Si upungufu wa lugha. Lugha haikuwahi kuhitaji neno hilo, kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kulitamka jambo hilo bila kumlenga mtu.

Binti yangu, nilipomwuliza, alidhani nina hofu ya dini. Akaniambia kwamba hata Wamarekani wenyewe waliwahi kuuogopa mchezo huu. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na watu wa makanisa walidai kwamba unafundisha watoto uchawi na ushetani. Kampuni ilisikia kelele hizo. Mwaka 1989, toleo la pili la mchezo ule mwingine wa ndugu yake, Advanced Dungeons & Dragons, lilipotoka, majina ya kawaida ya mashetani na mapepo yalikuwa yameondolewa, na baadaye yakatungiwa mengine. Niliisikiliza habari hiyo kwa makini, lakini si hofu hiyo iliyokuwa yangu. Wao waliogopa kwamba neno litamfanya mtoto awe mchawi. Mimi naogopa neno linavyomfanya mtu mwingine awe mchawi, hali hakufanya lolote.

Nitawasimulieni nilichomsimulia mjukuu wangu, ingawa yeye alisubiri siku tisa kabla sijaweza.

Nilipokuwa na miaka tisa, katika kijiji chetu kusini mwa Ziwa Viktoria, tulikuwa na jirani mwanamke mzee aliyeishi peke yake. Yeye ndiye aliyenifundisha vitendawili. Jioni tulikaa kwake watoto watano au sita, na kabla ya ngano alitupigisha makofi hadi tukapiga sawa, ndipo aanze. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilipofundishwa mizani, niliona kwamba nilikuwa naijua tayari mikononi. Kuni zilikuwa adimu kwetu. Watu walipikia samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wake ni mkali. Macho yake yalikuwa mekundu. Miguu ilikuwa imemchoka, kwa hiyo mama alikuwa amenipa kazi ya kumpelekea maji kila jioni, kata moja kubwa.

Kisha mtoto akafa katika nyumba moja ya kijiji. Baba yake akaenda mbali kwa mpiga ramli, akarudi. Sikumsikia aliyelitamka neno kwanza. Watoto hulisikia neno likiwa limekwisha kuwa la kila mtu. Mama hakunieleza chochote. Aliniambia tu kwamba maji yale yanatosha, nisipeleke tena.

Jioni moja nilikuwa natoka shuleni na wenzangu, naye akawa amesimama kando ya njia. Akaniita kwa jina. Nilijua anataka maji. Wenzangu walikuwa wananitazama. Nikakimbia, na nilipofika mbali kidogo nikageuka, nikampigia kelele ya neno lile. Nililisema kwa Kisukuma, kisha nikalirudia kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na nilitaka wenzangu waone kwamba nakijua.

Siku chache baadaye mlango wake ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Chungu kilikuwa kimefunikwa juu ya mafiga. Hakuna aliyesema amekwenda wapi, na mimi sikuuliza. Nataka kuamini kwamba aliondoka kwa miguu yake, maana mnajua kama ninavyojua kwamba huko kwetu, Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani, wapo bibi wengi ambao hawakuondoka kwa miguu yao, na ushahidi dhidi yao ulikuwa macho mekundu na uzee.

Mimi sasa ni mzee. Macho yangu nayo yamekuwa mekundu miaka hii. Daktari amesema ni ukavu, amenipa matone. Ndiyo karatasi niliyoiona mezani: bibi, na neno.

Nilimsimulia mjukuu wangu habari hii kwa Kiswahili chepesi kuliko nilichowahi kukitumia darasani. Kila sentensi ilibidi niifanye fupi, na nikagundua kwamba sentensi fupi hazina mahali pa kujificha. Aliponiona nimenyamaza akauliza:

“Na wewe ulifanya nini, Bibi?”

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili ya Kiswahili ambayo hakuna aliyemsaidia. Darasani ningempa alama zote.

“Nilikimbia,” nikamwambia. “Na nililisema neno lile.”

Hakunifariji, na namshukuru kwa hilo. Alikaa kidogo, akaivuta karatasi yenye mchubuko, akachukua penseli. “Sasa tuandike nini?”

Tulirudi kitabuni, kutazama mhusika huyo anafanya nini hasa, si anaitwa nani. Anafanya hivi: ana kitabu chake cha mizungu. Kila asubuhi, akiisha kulala vya kutosha, anakifungua na kusoma, anaitia kichwani ile atakayoihitaji. Akiutamka mmoja unatenda kazi, na papo hapo unamtoka akilini; hawezi kuutumia tena mpaka ausome upya. Inasemekana jambo hili walilichukua kutoka kwa mwandishi wa hadithi Jack Vance. Hana silaha kubwa wala deraya, na mwanzoni uhai wake hupimwa kwa dadu ndogo kuliko zote, ya pande nne. Ni mtu dhaifu aliyebeba maneno.

Nikaandika: MKARIRI.

Najua mtakavyonipinga, kwa kuwa nimejipinga mwenyewe. Sisi walimu tumelichafua neno kukariri. Tunalitumia kumsema mwanafunzi anayemeza asichokielewa. Lakini kabla yetu kukariri kulikuwa kazi ya heshima. Yule bibi jirani hakuwa na kitabu, na ngano zake zote alizikariri. Tofauti ni kwamba mkariri wa kitabu kile akitamka anasahau, na sisi tukitamka ndipo tunapokumbuka. Mjukuu wangu aliliona neno hilo kuwa zuri kwa sababu nyingine: linaanza kama manju, kwa herufi M.

Kuna kanuni moja zaidi inayonipasa kuitaja. Mtu akirogwa katika mchezo huu, au akitiwa sumu, au akipuliziwa moto na joka, mara nyingi anapewa nafasi ya kurusha dadu ya pande 20 ajiokoe. Tuliiita dadu ya nusura. Mpiganaji wa daraja la kwanza, kwa mfano, anahitaji 16 au zaidi ili aepukane na mizungu ya adui. Ni nafasi tano katika 20, lakini ni zake, na manju hana ruhusa ya kumnyima. Nilifikiri sana juu ya dadu hiyo. Kwetu ramli ilipigwa pia, na yule bibi hakuwapo ilipopigwa. Kilirushwa kitu chini mahali fulani, kikasomwa, na upande wake haukuwa na dadu.

Wiki mbili kabla sijarudi tulicheza kwa mara ya mwisho mezani pale. Mkariri wangu alikuwa bado daraja la kwanza na uhai wa alama tatu. Manju alinipitisha msituni, akanivusha mto, akanifikisha kwenye kijiji. Pembeni mwa kijiji kulikuwa na kibanda.

“Kuna moshi,” akasema kwa Kiswahili, akitafuta maneno moja moja. “Kuna mwanamke mzee mlangoni. Macho yake mekundu.” Akanitazama. “Unafanya nini?”

Sikuwa nimetarajia. Alikuwa ameshika dadu mbili za pande sita, kwa maana kitabu kina jedwali la namna mgeni atakavyokupokea: ukipata namba ndogo atakushambulia, ukipata 12 atakuwa rafiki yako. Nilikuwa na mizungu yangu ya siku hiyo, ya kulaza usingizi.

“Nabisha hodi,” nikasema.

Akasubiri.

“Shikamoo, Bibi.”

Alizitazama dadu mkononi mwake, kisha akaziweka mezani bila kuzirusha. Akaipindisha sauti yake ikawa ya kizee.

“Marahaba.” Na baada ya kimya kidogo: “Anaomba maji.”

Katika orodha ya vifaa vyangu kulikuwa na kiriba kimoja. Nilisema nampa, na mjukuu wangu akakikata kwa mstari, akaandika kando yake kwa penseli: tupu.

Nimerudi nyumbani Mwanza. Tunaendelea kucheza kwa simu kila Jumamosi, kwangu ikiwa jioni na kwao asubuhi, na Kiswahili chake kinakwenda mbio kuliko mkariri wangu, ambaye ndiyo kwanza amefika daraja la pili. Yapo majina mengi ambayo bado hatujayapata. Wapo katika kitabu watu wa msituni wenye masikio ya ncha na umri mrefu, ambao sitaki kuwaita majini. Wapo watu wafupi wachimba madini, na sitaki kuwapa jina la mbilikimo, maana hilo ni jina wanaloitwa watu halisi wa misitu ya Kongo, nao si viumbe wa mchezo. Mkariri nalo sina hakika nalo kabisa. Yumkini mmoja wenu, hasa ninyi wa mwambao mlio na msamiati wa kale kuliko wetu wa bara, ana lililo bora.

Basi nileteeni. Nitayapeleka yote mezani kwa manju, naye ndiye atakayeamua. Lile moja tu msiniletee.